Kupinga makadirio mbele ya bodi

Mkurugenzi, yaani mjumbe wa bodi, akiona makadirio ya mauzo yametiwa chumvi, aseme vipi bila kuonekana mkorofi?

— Asisubiri kikao. Ampigie mwenyekiti siku mbili kabla. Mtu akishtukizwa mbele ya wenzake hujitetea tu, hasikilizi. Aandae ukurasa mmoja: mauzo halisi ya miezi 12, makadirio, pengo, pendekezo. Basi.

— Sentensi ya kwanza iwe hoja yenyewe: “Sikubaliani na makadirio haya, kwa sababu mbili.” Wengi huzunguka mbuyu dakika tano, koo linakauka, ajenda inapita. Akishindwa kwenye kura, aombe pingamizi lake liingie kwenye muhtasari wa kikao.

Na muhtasari ukisema “wajumbe wote waliafiki”?

— Aombe marekebisho kikao kinachofuata, kabla haujathibitishwa. Ukishasainiwa, kuurekebisha ni kazi.