Skating zangu zimegeuzwa "mbao" na mtu ambaye hata bando hakulifungua

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo lugha mtanivumilia. Nipo jimbo la New York, kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Kanada. Kazi yangu ni ukarabati wa nyumba: milango, sakafu, skating (zile mbao za kuziba chini ya ukuta, unapokutana na sakafu), konishi. Nimekulia Mafinga, paini naijua kwa harufu, asije mtu hapa kunifundisha mbao ni nini.

Novemba 2025 niliagiza mzigo kutoka kiwanda kimoja kidogo cha Ontario. Bando za mbao za paini zilizopigwa randa pande zote nne, dola 6,800. Na bando za skating, paini hiyo hiyo, dola 11,600. Kwenye mbao nilijua nitaumia na nilishaweka kwenye hesabu. Tangu Agosti 2025 mbao laini za Kanada zinakatwa ushuru wa aina mbili, ule wa kuzuia bei ya kutupa (kuuza nje kwa bei ya chini mno) na ule wa kufidia ruzuku, na kwa viwanda vingi jumla inapita asilimia 35. Tarehe 14 Oktoba wakaongeza asilimia 10 juu yake kwa jina la usalama wa taifa. Usalama wa taifa, wakuu, kwa mbao ya 2 kwa 4! Haya, nchi ina wenyewe. Ukijumlisha unapita 45.

Skating je? Sifuri. Ushuru wa kawaida wa moldingi za paini (mbao zilizochongwa umbo, skating zikiwemo) ni sifuri. Amri yenye zile asilimia 35 inasema yenyewe kwamba moldingi haziguswi. Orodha ya zile 10 inataja magogo, mataruma na mbao za fungu la 4407 (namba ya bidhaa kwenye kitabu cha forodha), wakati moldingi zipo 4409. Na karatasi za asili ya mzigo kwa ule mkataba wa Marekani, Mexico na Kanada kiwanda kilinipa zote.

Sasa bili ya wakala wa forodha ikaingia kwenye simu nikiwa juu ya ngazi kwa mteja. Dola 8,280 na chenji. Nikadhani kakosea nukta. Nikashuka, nikaketi kwenye ndoo ya rangi, nikapiga hesabu upya. Hakukosea nukta. Mzigo wote, skating na mbao, kaupeleka 4407. Yaani dola 5,200 na ushee zimekatwa kwenye kitu ambacho hakidaiwi hata senti.

Nikampigia. Akanijibu kwa utulivu wa mtu ambaye hela si yake: "Ankara inasema mbao za paini, zimepigwa randa, ukingo mviringo. Hiyo ni 4407." Nikamuuliza kama ameiona skating yenyewe. Hajaiona. Kaona picha? Kaona moja, imepigwa kwa mbele, bando likiwa ndani ya nailoni.

Kwa wasioijua hii vita, ngoja niieleze maana hapa ndipo watu wanapoliwa. 4407 ni mbao iliyopasuliwa kwa urefu, unene zaidi ya milimita 6, hata kama imepigwa randa, imepigwa msasa au imeungwa kwa vidole. 4409 ni mbao iliyochongwa umbo lile lile mfululizo, kwenye ukingo, uso au ncha: yenye ulimi, mfereji, ushanga, mviringo, moldingi. Mpaka hapo hata mwanafunzi wa ufundi atakuelewa. Tatizo ni maelezo rasmi ya kitabu cha mafungu, yanayosema mbao inabaki 4407 hata kama kona zake zimezungushwa kidogo wakati wa kupigwa randa. KIDOGO. Kidogo ni milimita ngapi? Hawajaandika. Basi yeyote mwenye kalamu anaamua kidogo chake, na tofauti ya kidogo chake na kidogo changu ni asilimia 45.

Na mimi sina hata ugomvi wa kidogo! Skating yangu nimeikata kipande, kipo hapa mezani pamoja na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Unene milimita 14, upana 90. Ukingo wa juu ni robo duara kamili, si kona iliyolambwa na randa. Ukiigeuza, mgongoni kuna mifereji miwili inayotoka mwanzo hadi mwisho wa ubao, ya kuusaidia ulale vizuri kwenye ukuta usionyooka. Niambieni, randa gani inachimba mifereji miwili kwa bahati mbaya? Angeugeuza tu. Sekunde mbili.

Kosa langu nalikubali kabla hamjanirukia: ile ankara niliiona nikaipitisha. Karani wa kiwanda aliandika alivyozoea, nami sikumwambia aandike "moldingi", atenganishe mistari na aambatanishe mchoro wa umbo. Ila wakala namlipa ili aulize. Na kisheria mwenye mzigo ni mimi, jina langu ndilo lipo kwenye fomu, hata kalamu ikiwa yake.

Wapo watakaosema forodha wana haki ya kushuku. Wanayo. Mchezo huu ni wa zamani. Mkataba wa 1996 ulipowawekea Wakanada kikomo cha mbao za kuingiza bila ada, watu walianza kutoboa matundu ya kupitishia nyaya kwenye mbao za kusimamishia ukuta, wakaziingiza kama vifaa vya useremala wa majengo, 4418, nje ya mkataba. Forodha ya Marekani ikakubali 1997, mwaka uliofuata ikageuka na kuzirudisha 4407. Zikafuata mbao zilizokwaruzwa uso mmoja kwa msumeno, nazo zikarudishwa 1999. Leo amri inataja kwa jina mbao zilizotobolewa na zilizokatwa pembe. Sawa. Wajanja walitoboa, na sasa fundi wa skating anatazamwa kama mjukuu wao.

Kurudishiwa nako ni safari. Mzigo uliopita chini ya ushuru wa aina hii haufungwi hesabu mapema, unakaa ukisubiri mapitio ya Wizara ya Biashara, ambayo ni ya miaka. Pingamizi lina siku 180 baada ya hesabu kufungwa, kwa hiyo kwanza ifungwe! Ukitaka kujua namba ya fungu unawauliza forodha. Ukitaka uhakika kwamba mali haimo ndani ya amri unakwenda Wizara ya Biashara. Milango miwili kwa ubao mmoja. Wakala kaahidi "ataangalia uwezekano wa kusahihisha". Hiyo ni wiki ya tatu.

Kinachoniuma zaidi, uamuzi wa fungu wa mapema ni bure. Unatuma maelezo, sampuli au mchoro, na kwa kawaida jibu linatoka ndani ya siku 30, na linawabana forodha bandari zote. Wakala anajua hilo tangu mwaka juzi nilipoanza naye. Hakuwahi kulitaja. Nimelijua usiku, nikisoma mwenyewe na chai imepoa.

Ninachoomba: aliyewahi kuomba uamuzi huo kwa moldingi za paini, uliambatanisha nini? Kipande cha urefu gani? Na ulimwagizaje karani wa kiwanda aandike kwenye ankara?

NYONGEZA: Mkuu mmoja kanishauri mzigo ujao niandike kila kitu 4409, hata zile mbao za dola 6,800. Hapana. Zile ni mbao, zina kona nne, na ushuru wake nimelipa. Ukidanganya namba ili kukwepa, faini yake inakumaliza.

NYONGEZA 2: Mnaoomba picha, nimeweka mbili hapo chini. Ya kwanza ni mbele, ndiyo aliyoiona yeye. Ya pili ni mgongo.