Fonti nene ya bango yenye unene usiolingana: Britannic, Broadway, Peignot au Optima?

Mwambao_Grafiki: Wakuu, salaam. Nina bango la taarab, turubai mita 3 kwa 1, litafungwa Ngamiani, Tanga, lisomwe kutoka mita 20. Nataka herufi zisizo na vijikia (vimkia vya kwenye ncha za mistari), zenye mstari mnene na mwembamba ndani ya herufi moja. Neno kuu ni MWAMBAO. Namba ya simu nitaikata kwa plota (mashine ya kukata stika), iwe stika. Ipi inafaa?

FundiMabango: Anza na mstari mwembamba. Andika N yenye kimo cha milimita 100, upime. Ukipata milimita 3, kwa kimo cha sentimita 30 zitakuwa 9, safi. Namba ya simu ya sentimita 5 itabaki na milimita 1.5, na hapo ndipo stika inapoharibika: ukimenya stika ya ziada, mstari unaondoka nayo, ukibaki, jua na chumvi ya bahari vinainua ncha. Namba iandike kwa fonti ya unene sawa, basi.

Herufi_Tanga: Optima ya Hermann Zapf (1958) iondoe. Ni nzuri mno, lakini tofauti yake ni ya upole. Kwa mita 20 haionekani kabisa. Peignot ya Cassandre (1937) ina tabia yake: herufi ndogo nyingi zina umbo la herufi kubwa. Kwa neno moja sawa, ila kwa sentensi ndefu macho yanachoka. Mimi nachagua Broadway, ndiyo yenye sura ya dansi na muziki.

FundiMabango: Broadway kwa neno fupi, sawa. Mistari yake myembamba ni kama uzi, na ukiweka nyeupe juu ya nyekundu iliyokoza, wino unatambaa na kuila. Britannic Bold inastahimili.

Nukta_na_Mkato: Naunga mkono Britannic. Lakini tazameni neno lenyewe. M inaishia na mguu mnene, W inaanza na mnene: MW inakuwa doa jeusi. W inaishia na mwembamba, A inaanza na mwembamba: WA inakuwa shimo. Kiswahili kimejaa MW na WA, kwa hiyo nafasi kati ya herufi usiziache kama kompyuta ilivyozipanga. Panua MW kidogo, bana WA, kisha rudi nyuma uangalie ukiwa umekunja macho.

Mwambao_Grafiki: Na nikitaka Broadway kwa lazima?

Nukta_na_Mkato: Kwenye Inkscape (programu ya kuchora), rekebisha nafasi kwanza. Kisha geuza maandishi kuwa njia, yaani maumbo ya kuchora (Shift+Ctrl+C), ongeza mzingo (mstari wa ukingoni) wa milimita 2 wa rangi ileile, uugeuze nao kuwa njia (Ctrl+Alt+C), unganisha (Ctrl na +). Kila mstari unaongezeka milimita 2, moja kila upande. Usizidishe: tundu la A na B litaziba.

Herufi_Tanga: Hoja ya MW imenishinda. Weka Britannic, kimo sentimita 30, na uchapishe neno peke yake kwenye A4 kabla ya turubai.