Dawa ya povu ya steroidi inayeyuka mkononi kabla haijafika kichwani, mnapakaje?

Swali
Wakuu habari zenu. Dokta kaniandikia povu la klobetasoli (steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi) asilimia 0.05 la soriasisi ya kichwani, ule ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, nipake asubuhi na jioni. Sasa nikiliminya kiganjani linageuka maji hapo hapo, linaishia kwenye nywele ngozi haipati kitu. Halafu pembeni ya pua nako kuna magamba, naweza kugusia kidogo? Na likinisaidia niendelee nalo hadi lini?

Jibu 1
Pole mkuu. Kiganjani usiminyie, lile povu likikutana na joto la ngozi linayeyuka, ndivyo lilivyotengenezwa. Geuza kopo kichwa chini, minya kidogo kwenye kifuniko chake au kisosi cha baridi, chota kwa ncha ya kidole huku mkono mwingine unatenganisha nywele mpaka uione ngozi yenyewe, paka hapo usugue taratibu mpaka povu lipotee. Likitoka maji maji tangu kwenye kopo ujue kopo lina joto, lipitishe kwenye maji ya baridi. Ukimaliza nawa mikono.

Jibu 2
Usoni hapana kabisa, tafadhali. Klobetasoli ipo kundi la steroidi kali kuliko zote za kupaka, na ngozi ya uso, kwapa na kinena inanyonya dawa sana, inakonda, vimishipa vyekundu vinaanza kuonekana, na ikiingia machoni mara kwa mara inaweza kupandisha presha ya jicho. Mwambie dokta kuhusu hiyo ya puani akupe nyepesi. Muda ni wiki 2 mfululizo, usizidishe gramu 50 kwa wiki, magamba yasipoisha rudi kwa dokta usijiongezee mwenyewe maana ikizidi inaingia kwenye damu na mwili unapunguza kutengeneza steroidi yake. Usifunike na plastiki pia.

Jibu 3
Hamjagusia moto jamani! Mle ndani kuna spiriti na gesi, usivute sigara wala kusogelea jiko ukiwa unapaka na muda mfupi baada ya hapo. Kopo lisikae juani kwenye gari, wala usilitoboe hata likiisha.

Muuliza swali
Asanteni sana, ya puani naacha. Kuchoma kidogo nikipaka ni kawaida?

Jibu 2
Kukichoma dakika chache kukatulia ni kawaida, hiyo spiriti. Kukizidi, au ukavimba au kutoka vipele, acha umpigie dokta.