Ukoo wa Mzee Ramadhani: Jina la Farasi

JUMATANO

Zuhura, saa 1:04 usiku: Assalamu alaykum ndugu zangu. Nawakumbusha kwa mara ya tatu kwamba fomu ya kumsajili farasi wetu sharti iondoke mikononi mwangu kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa, na hadi sasa sehemu ya jina ni tupu. Tuliochangia kumnunua ni watu 19. Waliojibu tangu Jumatatu ni wawili, na mmoja wao aliandika "sawa" bila kueleza ni kipi kilicho sawa.

Zuhura, saa 1:07 usiku: Masharti nayarudia: jina lisizidi herufi 18, na nafasi iliyo kati ya neno na neno huhesabiwa pia, lisiwe na matusi, lisiwe la mtu mashuhuri aliye hai ambaye hajatoa idhini, na lisifanane na la farasi mwingine hata mtangazaji wa mbio akababaika.

Mjomba Athumani, saa 1:31 usiku: Mimi napendekeza aitwe Umeme wa Mlima Kenya.

Zuhura, saa 1:33 usiku: Ahsante, Mjomba, lakini nimehesabu nikapata 20.

Mjomba Athumani, saa 1:50 usiku: Basi iondoe Kenya. Mlima utabaki palepale.

Salim, saa 2:02 usiku: Naomba tuangalie jinsi wengine walivyofanya. Farasi Red Rum, aliyeshinda mbio za Grand National za Uingereza mwaka 1973, 1974 na 1977, jina lake liliundwa kwa herufi tatu za mwisho za jina la mama yake, Mared, na tatu za mwisho za baba yake, Quorum. Eclipse naye aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa siku jua lilipopatwa, 1 Aprili 1764, huko Uingereza. Kwa hiyo jina zuri hutoka kwa farasi mwenyewe, yaani kwa wazazi wake au kwa siku aliyozaliwa, wala si kwa umeme ambao hata nyumbani kwetu hukatika kila mvua ikinyesha.

Salim, saa 2:05 usiku: Eclipse huyo alizaa dume lililokusudiwa kuitwa Potatoes, yaani Viazi kwa Kiingereza. Inasimuliwa kwamba kijana wa zizini, alipoambiwa aandike jina hilo, aliandika "Pot" kisha akafuatisha herufi "o" nane, kwa jinsi alivyolisikia: "Pot" na "eight o's", yaani "o" nane. Mwenye farasi alicheka sana, akaliacha hivyo hivyo.

Rehema, saa 2:06 usiku: Basi wetu aitwe Viazi Karai. Nimehesabu, ni 11 tu, na ukwaju tutamwekea pembeni.

Bakari, saa 2:08 usiku: Akishika nafasi ya mwisho tutasema mafuta yalikuwa hayajapata moto.

Zuhura, saa 2:15 usiku: Nawaomba tuache viazi. Pendekezo langu, ambalo nimelifikiria kwa wiki nzima, ni Malkia Hawa. Ni jina fupi, mtangazaji atalitamka bila shida, na litamuenzi Bibi yetu, aliyetoka Kibera kwa miguu kila alfajiri na birika la chai mkononi kumpelekea Babu mazizini. Asiponijibu mtu kufikia kesho adhuhuri, nitachukulia kwamba sote tumeridhia.

Mwanajuma, saa 2:41 usiku: Dada Zuhura, nauliza kwa heshima: jina hili tunalichagua sote, au tutalikuta limekwisha andikwa kama tulivyolikuta lile la matatu limekwisha chorwa ubavuni?

Zuhura, saa 2:43 usiku: Suala la matatu lilimalizwa Pumwani mbele ya wazee.

Mwanajuma, saa 2:44 usiku: Ulilimaliza wewe. Wazee walikuwa wanakula.

Idi, saa 2:58 usiku: Na mchoraji nilimlipa mimi.

Babu Ramadhani, saa 4:10 usiku (anasema, mimi Rehema ninaandika): Wajukuu zangu, mimi nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, pale uwanjani tangu mbio zilipohamishiwa Barabara ya Ngong, Nairobi, mwaka 1954 hadi magoti yaliponikatalia. Nimeona farasi wazuri wakishindwa, na nimesikia jinsi watu waliopoteza fedha za kamari wanavyolitaja jina la mnyama ambaye hakuwakosea lolote. Jina la Hawa halitaitwa kwenye kipaza sauti Jumapili alasiri ili baadaye litukanwe na watu wanaochana tiketi. Isitoshe, farasi ana majina mawili. La vitabuni ni lenu, andikeni mtakalo. La zizini ni la saisi, kwa kuwa yeye ndiye anayemwamsha saa kumi na moja alfajiri, na hilo ndilo farasi analoligeuzia shingo. Kabla ya kuandika la kwanza, kamuulizeni saisi wake la pili. La Hawa nisilisikie tena.

ALHAMISI

Zuhura, saa 12:20 asubuhi: Shikamoo Babu. Nimekusikia, na naomba uniwie radhi. Nimelifuta kwenye fomu.

Zuhura, saa 2:00 asubuhi: Nani ana namba ya simu ya saisi?

Zuhura, saa 4:35 asubuhi: Naona watu 14 wamesoma swali langu.

Salim, saa 6:12 mchana: Aliyempeleka farasi zizini siku ile ni Idi, kwa hiyo namba atakuwa nayo yeye.

Zuhura, saa 6:13 mchana: Kaka Idi, tafadhali.

Mjomba Athumani, saa 8:47 mchana: Wakati tunamsubiri Idi, nakumbusha kwamba Umeme wa Mlima ni 14 na halijapingwa na mtu.

Rehema, saa 8:49 mchana: Salim alilipinga, Mjomba.

Mjomba Athumani, saa 8:50 mchana: Salim aliupinga umeme wa nyumbani.

Zuhura, saa 2:30 usiku: Nimeliandika Umeme wa Mlima kwa penseli, ili fomu isibaki tupu iwapo saisi hatapatikana. Narudia: kwa penseli. Idi, nimekupigia mara nne.

Idi, saa 5:16 usiku: Nimezungumza naye. Anamwita Karanga, kwa sababu ya rangi yake ya kahawia, na anasema ukimwita jina jingine lolote hainui hata sikio. Namba yake nitaituma Dada Zuhura atakaponirejeshea fedha za mchoraji.

Zuhura, saa 5:17 usiku: Idi, fomu inaondoka kesho.

Mwanajuma, saa 5:40 usiku: Na penseli hiyo ameishika nani?