Mama ana kiharusi, kichwa kinamuuma sana: nimpe dawa gani?

Mtoto wa Sengerema: Wakuu, nisaidieni. Mama (63) alipata kiharusi wiki 3 zilizopita. Tangu jana kichwa kinamuuma mno, halali. Dawa gani ya maumivu ni salama kwake?

Mfamasia Kirumba: Pole sana. Paracetamol. Vidonge 2 vya mg 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Akiwa chini ya kilo 50 au ana shida ya ini, kipimo kipunguzwe. Angalia na dawa za mafua, nyingi zina paracetamol ndani. Diklofenak na ibuprofeni usimpe: figo zinabakiza chumvi na maji, presha inapanda, na damu haigandi vizuri. Kiharusi chake ni mshipa uliziba au ulipasuka?

Mtoto wa Sengerema: Sijui vizuri. Paracetamol haikufanya kitu. Nimeshaongea na kijana wa duka la dawa, anakuja saa 2 usiku kumchoma diklofenak.

Mama Nyegezi: Mwanangu, mnakimbilia sana sindano. Mzazi anataka utulivu, maombi na chakula kisicho na chumvi.

Nesi wa Zamu: Chumvi ni kweli, ndiyo maana hata vidonge vya kuyeyusha kwenye maji havimfai, vina sodiamu nyingi. Lakini je, anameza? Mkalishe wima, mpe maji kijiko kimoja cha chai. Akikohoa, au sauti ikikoroma kama ina maji, usimpe kidonge wala uji. Na cheti cha hospitali kimeandikwaje?

Mtoto wa Sengerema: Damu ilivujia kwenye ubongo. Sikutaka kuanza na hilo, mngesema nimrudishe na hela imeisha. Jirani alisema aspirini ya mg 75 inazuia kisirudi, nampa tangu Jumapili. Mbona wengi wanapewa?

Mfamasia Kirumba: Wanaopewa ni walioziba mshipa. Aspirini inazuia chembe za damu kushikana, na kazi yake hukaa siku 7 hadi 10 hata ukiacha leo. Acha leo. Sindano hiyo juu yake, hapana kabisa.

Mvuvi wa Habari: Uzi wa kutunga huu. Mara hajui aina ya kiharusi, mara ana cheti.

Mtoto wa Sengerema: Situngi, mkuu. Karatasi ya aspirini ipo hapa mezani, vimebaki 6 kati ya 10.

Nesi wa Zamu: Hata ukiwa wa kutunga, kuna anayesoma akiwa na mgonjwa kama huyu. Ametapika? Ukimwita anaamka?

Mtoto wa Sengerema: Ametapika mara 2. Anaamka, halafu anarudi kulala. Nilidhani ni uchovu.

Nesi wa Zamu: Mtoe sasa hivi. Mlaze ubavu, kichwa kiinuke, asipewe chochote mdomoni. Hospitali ya hapo kwanza, wapime presha na fahamu. Wakisema CT-Scan (picha ya ubongo), mpeleke Hospitali ya Bugando, Mwanza, na daraja la Kigongo–Busisi liko wazi tangu 2025, hamsubiri kivuko. Beba cheti na dawa zote, sema saa aliyomeza aspirini ya mwisho.

Mtoto wa Sengerema: Kijana wa sindano amefika. Nimemwambia aiweke, anisaidie kumbeba mama hadi kwenye bajaji.