Naombeni ushauri: bosi anataka kuniachia farasi bure, matunzo yake kwa mwezi ni kiasi gani?

MtuWaUsaRiver

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi, na mke wangu kashasema nikiamua vibaya nitahamia bandani mwenyewe.

Nasimamia shamba la maua huku Arumeru. Bosi wangu anarudi kwao mwezi wa nane. Ana farasi jike wa miaka 14, wa kahawia, mpole sana, na amesema nikimtaka nimchukue bure pamoja na matandiko yake. Binti yangu wa darasa la sita amekuwa akimsugua kila Jumamosi kwa miaka miwili, na bosi alimfundisha kumpanda. Aliposikia habari hizi alilia kwa furaha kabla sijasema ndiyo wala hapana.

Nina ekari moja na nusu, ng'ombe watatu wa maziwa na mbuzi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: farasi ni ng'ombe wa nne asiyekamuliwa. Bosi nikimuuliza gharama anacheka tu, anasema inategemea. Je, laki mbili kwa mwezi inatosha? Kiasi hicho nakiweza bila kugusa ada. Natanguliza shukrani.

KijanaWaNjiro

Chukua mkuu! Picha za harusi tu utapiga hela. Mteja wa kwanza ni mimi, naoa Desemba.

DoktaMifugo_Moro

Mkuu, hapo kwenye "ng'ombe wa nne" ndipo hela yako itakapopotelea, na pengine farasi mwenyewe.

Ng'ombe anacheua, farasi hacheui. Tumbo lake ni dogo na limeumbwa kupokea kidogo kidogo, mchana na usiku. Ukimwacha na njaa kutwa halafu jioni ukammwagia ndoo ya pumba, utumbo unajaa gesi au unajisokota. Tena farasi hatapiki, kwa hiyo kilichoingia kitoke njia moja tu.

Mwenye kilo 450 hivi anahitaji nyasi kavu kilo 9 hadi 10 kwa siku. Chukua robota la kilo 15: hayo ni marobota 20 kwa mwezi, masika na kiangazi. Maji lita 30 hadi 40 kwa siku, zaidi akifanya kazi. Ekari moja na nusu yenye ng'ombe watatu haitamlisha, usijidanganye.

Sasa mambo matatu ambayo mfugaji wa ng'ombe huyafanya kwa nia njema. Kwanza, dawa ya kupe yenye amitraz: ng'ombe wako unawanyunyizia na hawana shida, farasi inaweza kumfungia utumbo. Soma lebo kabla hujashika bomba. Pili, chakula cha dukani: baadhi ya vyakula vya kuku na vya ng'ombe vimetiwa dawa iitwayo monensin, na kwa farasi hiyo ni sumu ya moyo, kiasi kidogo tu kinatosha kumuua. Tatu, mahindi yaliyoota ukungu. Yale unayosema "hayafai kwa ugali, wape mifugo". Yanaharibu ubongo wa farasi, na ukiona anayumba umeshachelewa.

SaisiMstaafu

Mwanangu, nimekuwa saisi, mtunza farasi, miaka mingi, huko kwenu na ng'ambo ya Namanga. Aliyosema dokta ni kweli, lakini hayo ukijihadhari yanaepukika. Mimi ninachokiogopa ni ugonjwa wa farasi wa Afrika.

Unaenezwa na usubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu vinavyotoka jua likizama mpaka alfajiri. Pundamilia anaubeba bila kuumwa, na wewe hapo Usa uko pua na mdomo na Hifadhi ya Arusha. Dawa ya kuuponya haipo. Nimewahi kuzika farasi wawili masika moja. Huyo wa pili jioni alikula vizuri kabisa. Asubuhi vile vishimo vya juu ya macho vimevimba, anahema kama mivukuto ya mhunzi, povu linatoka puani. Saa sita mchana tulikuwa tunachimba shimo. Na shimo la farasi si la mbuzi, vijana wanne walilichimba hadi jioni.

Chanjo ipo, inatengenezwa Afrika Kusini, ni ya kila mwaka: chupa mbili zinazopishana wiki tatu au zaidi, na lazima isafiri kwenye baridi. Tafuta wenye farasi wa jirani muagize pamoja, peke yako utaumia. Mchanje kabla ya msimu wa mvua. Hata akichanjwa, jua likielekea kuzama awe bandani, madirisha yana wavu wa matundu madogo. Banda hilo hujaliweka kwenye laki mbili zako.

Halafu kwato. Kila wiki 6 hadi 8 zikatwe na fundi anayejua, hata kama hatavaa viatu vya chuma. Usimpe mtu mwenye panga. Nimeona.

MamaNanyuki

Hujambo ndugu, salamu kutoka upande huu wa mpaka. Mimi nilichukua farasi wa mbio aliyestaafu Ngong, tena kwa bei ya kutupa. Chakula nilikipigia hesabu, chanjo nikapiga. Halafu usiku mmoja akakwaruzana na seng'enge, ngozi ya mguu ikafunguka kama mfuko. Daktari alikuja saa tano usiku, na tukafunga kidonda kila siku kwa wiki sita. Bili ilizidi bei niliyomnunulia mara mbili. Kama ua lako ni la seng'enge, hiyo ni gharama ya kwanza, litoe.

La pili, farasi hakai peke yake. Wangu alikuwa anatembea kando ya ua kutwa akilia, akakonda, mpaka nilipomletea punda. Mbuzi wako wanaweza kusaidia, au wasisaidie, inategemea yeye mwenyewe.

La tatu utaniwia radhi. Binti yuko darasa la sita. Akienda sekondari ya bweni, nani atampanda? Farasi anafika miaka 25, wengine 30.

KijanaWaNjiro

Duh. Nilidhani anakula majani tu.

MtuWaUsaRiver

Shikamoo mzee Saisi, na asanteni wote. Jana usiku nimekaa na daftari.

Robota huku sasa ni 5,000, ila kiangazi kilichopita nilinunua 9,000 kwa ajili ya ng'ombe. Kwa hiyo nyasi ni laki moja mwezi mzuri, laki na themanini mwezi mbaya. Pumba na chumvi 30,000. Fundi wa kwato wa bosi anatoza 50,000 kila wiki sita, nimeweka 35,000 kwa mwezi. Chanjo, minyoo na meno, bosi kanionyesha risiti zake, zinakaribia 360,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kwa mwezi. Kijana wangu wa ng'ombe anataka nyongeza ya 50,000, simlaumu. Jumla 245,000, kiangazi 325,000. Nikitenga 50,000 za dharura kama ya Mama Nanyuki, ni 295,000 na 375,000. Banda na ua bado. Hata ningechukua kile kiasi cha chini, kwa miaka kumi ni zaidi ya milioni 35. Mke wangu alisoma namba hiyo, akafunga daftari, akasema "rahisi huvunja upishi", akaenda kulala.

SaisiMstaafu

Marahaba mwanangu. Mkeo anajua hesabu. Huyo farasi ana wenzake hapo kwa bosi?

MtuWaUsaRiver

Hapo hayuko peke yake, mzee. Kuna wawili wa jirani wanalala naye banda moja. Leo nimekwenda kwa huyo jirani. Amekubali kumchukua, kwa sharti nichangie marobota kumi kwa mwezi na binti aje Jumamosi na Jumapili kusafisha banda. Fundi wa kwato na chanjo anabeba yeye kwa sababu ana wengine. Samadi nimeomba ije kwangu, migomba inaihitaji.

Binti kanuna siku mbili. Leo kauliza kama anaweza kwenda na Ijumaa jioni pia, nikajua yameisha.

MamaNanyuki

Marobota kumi! Andikishaneni, tena muandike atakayelipa akiugua. Urafiki wa jirani huishia kwenye bili ya daktari.

MtuWaUsaRiver

Hilo hatukulizungumza. Kesho narudi.

KijanaWaNjiro

Kwa hiyo Desemba vipi?

MtuWaUsaRiver

Muulize jirani. Ila bibi harusi asije na shada mkononi, huyu kakulia shamba la maua, atalila kwenye picha.