Tupeane uzoefu: umekosa pointi mbili tatu za GRE au GMAT, unarudiaje?

Malimbe Juu
Wakuu, hapa Mwanza kuna kundi ambalo halikufeli wala halikufaulu. Chuo kinataka 160 za hesabu kwenye GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya uzamili ng'ambo, matokeo yamerudi 157. Au programu ya biashara inataka 645 za GMAT, mtihani wa wanaoomba shule za biashara, mkononi kuna 625. Wenye ujuzi leteni ya kiufundi: pointi zinapotelea wapi, kibadilishwe nini, kwa siku ngapi. Hadithi za kulia na kufunga novena tuziache leo.

Dagaa wa Mwaloni
Kwanza soma upya chuo kiliandika nini. "Kiwango cha chini" na "wastani wa waliopokelewa" ni vitu viwili. Ukiwa chini ya kiwango cha chini kwa pointi moja, unaweza kuchujwa kabla barua zako za mapendekezo hazijafunguliwa. Ukiwa chini ya wastani, wapo wengine waliopokelewa wakiwa chini ya huo wastani, maana bila wao usingekuwa pale. Huyu wa pili mara nyingi ni afadhali wiki tatu azimalizie kwenye insha ya maombi.

Ukiamua kurudia, hesabu siku kwa kurudi nyuma. GRE inataka siku 21 kati ya mtihani na mtihani, na si zaidi ya mara 5 ndani ya miezi 12. Matokeo rasmi huchukua siku 8 hadi 10. Dirisha la maombi likifungwa 1 Desemba, kufanya tarehe 20 Novemba ni kamari. Lenga wiki ya kwanza. GMAT ni siku 16, nayo mara 5 kwa miezi 12.

Sasa usifungue kitabu ukurasa wa kwanza. Mwenye 157 hesabu anazijua, asichojua ni pa kuvuja. Chukua kaunta buku. Kila swali ulilokosa, na kila ulilopata kwa kubahatisha (hili watu huliruka, na ndilo lenye dawa), liandikie herufi moja: J hukujua kanuni, S ulisoma vibaya, H kosa la hesabu ndogo, M muda. Yakifika maswali 80, hesabu herufi. S na H zikizidi J, sura mpya hazitakuongezea kitu. S hutibiwa kwa kuandika kinachotafutwa kabla hujaanza: "nataka 2x, si x". H hutibiwa kwa kuandika hatua ambayo umezoea kuibeba kichwani. M uichunguze vizuri, kwa sababu nyingi ni J iliyovaa koti: swali lililokula dakika nne kwa kawaida ni lile ambalo njia yake hukuiona.

Swali lililokosewa lifanye tena baada ya siku 3, kisha baada ya siku 10, jibu likiwa limefunikwa. Kusoma suluhisho na kutikisa kichwa si kulifanya.

Jiwe la Bismarck
Naongezea upande wa GRE. Tangu Septemba 2023 mtihani ni saa 1 na dakika 58. Hesabu zina vipande viwili: maswali 12 kwa dakika 21, halafu 15 kwa dakika 26. Ugumu wa kipande cha pili unategemea ulivyofanya cha kwanza. Ukichezea yale 12, cha pili kinakuja chepesi na dari ya alama yako inashuka, hata ukikipata chote. Kwa aliyekosa pointi tatu, kazi kubwa iko kwenye hizo dakika 21.

Zigawe hivi. Dakika 14 za kwanza, pita na maswali unayoyaona njia mara moja. Lililogoma liwekee alama na usonge. Dakika 5 rudi kwenye yaliyogoma. Mbili za mwisho ni za kusoma tena kile kilichoulizwa. Jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo usiache tupu.

Wanakoumia wengi ni maswali ya kulinganisha kiasi A na kiasi B. Ukiambiwa ulinganishe x² na x, akili inaweka 2 na kusema A kubwa. Weka nusu: B kubwa. Weka 1: sawa. Basi jibu ni kwamba haiwezekani kujua. Kabla hujabofya, pitisha 0, 1, nusu na namba hasi. Mtego mwingine ni asilimia. Sangara wa 10,000 akipanda asilimia 20 anakuwa 12,000. Akishuka asilimia 20 anakuwa 9,600, harudi 10,000. Mchuuzi wa Kirumba anaijua hii kwa mfuko wake, ila kwenye skrini watu wanajibu "sawa".

Maswali ya "chagua yote yanayofaa" hayana nusu alama. Na kikokotoo cha kwenye skrini ni kizito. Fanyia mazoezi hicho hicho, si cha simu.

Upande wa lugha, moja tu: kwenye swali la kuchagua maneno mawili yanayoipa sentensi maana moja, huwekwa jozi ya visawe ambavyo haviingii kwenye sentensi kabisa. Tafuta neno lako kwanza, ndipo uangalie orodha.

Kamanga Feri
Wa GMAT, acheni kusoma makala za zamani. Mizani ya sasa ni 205 hadi 805 na kila alama ya jumla inaishia na 5. Anayekwambia lenga 700 anazungumzia mtihani uliokwisha kuondolewa. 645 ya leo iko jirani na hiyo 700.

Sehemu ni tatu: hesabu maswali 21, lugha 23, data (kusoma majedwali, grafu na taarifa) 20, kila moja dakika 45, na zote zina uzito sawa kwenye jumla. Hata hivyo mtu anakesha na hesabu, ambako ameshafika karibu na juu, huku data imelala. Taarifa ya matokeo inaonyesha sehemu, aina za maswali na ulivyotumia muda. Isome kabla ya kununua kitabu kingine.

Kwenye data kuna maswali ya "je, taarifa zinatosha?" ambayo huliwa na tabia ya kukokotoa. Mfano: mtumbwi una samaki 40, sangara na sato tu. Sangara wangapi? Taarifa ya kwanza: sangara ni mara tatu ya sato. Ya pili: sato ni wachache. Ya kwanza inatosha, ya pili haitoshi, umemaliza. Kutafuta kwamba ni 30 ni kupoteza sekunde ambazo hukuombwa.

Muda wa hesabu: baada ya swali la 7 ziwe zimebaki dakika 30, baada ya la 14 zibaki 15. Kuacha maswali mwishoni kunaumiza kuliko kukosea. Unaruhusiwa kubadili majibu 3 tu kila sehemu, kwa hiyo alama ya kurudia iweke pale unapochagua kati ya mawili, si pale usipojua lolote.

Mama K, Igoma
Ahsanteni. Mitihani ya majaribio ya bure ipo? Na kufanyia nyumbani kwa huku kwetu kunawezekana?

Nyegezi Kona
Ipo, dada. GRE ina miwili ya bure ya POWERPREP Online, GMAT ina miwili kwenye tovuti yake, mba.com. Usiichome wiki ya kwanza. Kwenye ratiba ya siku 21, mmoja siku ya 7, mwingine ya 15, kwa saa ileile ya mtihani wako. Siku tatu za mwisho ni kaunta buku tu.

GRE ya nyumbani inafanyika, ila chumba ndiyo kazi. Mlango ufungwe, asiingie mtu, ukae kwenye kiti na meza, si kitandani. Vipokea sauti vya masikioni haviruhusiwi, kwa hiyo msimamizi unamsikia kwa spika. Sasa mvua ya Novemba ikishuka juu ya bati, humsikii. Tafuta chumba chenye dari. Karatasi ya kawaida ni marufuku: ubao mdogo mweupe, au karatasi ndani ya mfuko wa plastiki unaoonekana, na kalamu inayofutika. Simu haikai nawe, hivyo usitegemee intaneti yake. Weka ruta yenye betri yake, kwa sababu TANESCO ikikata, laptopu itabaki hai na ruta ya ukutani itakufa. Ukifanya usiku, funga dirisha kabla ya kuwasha taa, wadudu wa ziwani wasikujie usoni.

Mawili yanayowarudisha watu getini. Majina: andika kama yalivyo kwenye pasipoti, lililo mstari wa ukoo liwe la ukoo, hata kama chuoni ulizoea kuanza nalo. Na saa: 9:00 ya asubuhi kwenye barua pepe ni saa tatu yetu. Hakikisha pia akaunti inasoma saa za Afrika Mashariki, maana ikisoma za New York, saa tatu asubuhi yao huku tayari ni saa kumi jioni, au kumi na moja wakati wa baridi kwao.